Ukipewa uchizi uucheze, utaucheza vipi?

Kikundi chochote cha vichekesho hapa Mwanza, kiwe cha Igoma, cha Nyamanoro au cha vijana wa kanisani, hakikosi watu watatu: mlevi, mganga wa uongo na chizi. Mlevi anahitaji chupa. Mganga anahitaji kaniki na kibuyu. Chizi ndiye rahisi kuliko wote. Gunia kiunoni, makopo shingoni, masizi usoni, halafu anaingia anakimbia ovyo. Hajasema neno, watu wameshavunjika mbavu. Na ukichunguza utakuta anayepewa nafasi hiyo ni yule ambaye hakuhudhuria mazoezi.

Wiki hii, msomaji wangu, tumzungumzie huyo wa tatu. Najua wengine mtasema mwandishi naye nati zimelegea, mambo yote ya mjini yamekwisha mpaka anaandika habari za vichaa? Tulia kwanza, uvute kigoda.

Kilichoniingiza huku ni dadu. Jamaa yangu mmoja wa Kirumba, fundi simu, aliletewa na kaka yake aliyekuwa akisoma Ulaya kijiboksi cha dadu za ajabu ajabu. Siyo hizi za ludo zenye pande sita. Kuna yenye pande nne kama sambusa, kuna ya pande nane, ya kumi na mbili, mpaka ya ishirini ambayo ukiitupa inabingirika hadi uvunguni. Zina mchezo wake, na mchezo wenyewe ukielezwa kwa Kiswahili cha kawaida ni kibaba na kimama cha watu wazima.

Unakumbuka kibaba na kimama? Mmoja baba, mmoja mama, mmoja mgeni anayekuja kukopa chumvi, udongo ndio ugali. Sasa wape mchezo huo watu wenye ndevu, wakalishe mezani, waongezee karatasi na penseli. Mmoja anakuwa msimulizi. Yeye ndiye anayesema mmefika wapi, mvua inanyesha au hainyeshi, na nani anabisha hodi. Wengine kila mtu ana mhusika wake na anasema kwa kinywa cha mhusika huyo. Ukitaka mtu wako aruke kutoka mtumbwi mmoja kwenda mwingine, unatupa dadu tuone amefika au ameliwa na mamba. Hakuna mshindi. Mnaweza kucheza kisa kimoja miezi sita.

Ulioanzisha fasheni hiyo unaitwa Dungeons & Dragons, ulitoka mwaka 1974, na watunzi wake ni Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Gygax aliishi Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin. Nao ni watu wa ziwani kama sisi, ingawa ziwa lao ukilimwaga ndani ya letu hata dagaa hawatashtuka.

Sasa huko nako chizi yupo, tena kwa vipimo. Mwongozo wa msimulizi uliotoka 1979 ulikuwa na jedwali la aina 20 za wazimu. Mhusika wako akirukwa na akili, dadu inatupwa: namba hii amekuwa mwizi asiyejizuia, namba ile ana huzuni kuu, nyingine ana kiu ya pombe isiyokatika, nyingine anataka kuua. Magonjwa ya watu yamepangwa kama bahati nasibu! Mwaka 1981 ukaja mwingine uitwao Call of Cthulhu, wa mambo ya kutisha, ambao unampa kila mhusika alama za akili timamu. Akikutana na dubwana, zinakatwa. Zikiisha kabisa, karatasi yako unamkabidhi msimulizi, umetoka. Akili inahesabiwa kama salio la simu.

Huu wa pili mimi nausifu kidogo. Kabla yake mhusika angeweza kuona rafiki zake kumi wakichinjwa halafu asubuhi akaamka anapiga mluzi. Watunzi hawa walau walikubali kwamba kitu ulichokiona kwa macho kinaweza kukujeruhi kuliko panga. Lakini mwaka 1991 ukatoka Vampire: The Masquerade, wa wanyonya damu, wenye ukoo mzima uitwao Malkavian ambao kila mmoja wao ana wazimu. Kilichofuata unaweza kukibashiri hata kama hujawahi kufika Marekani. Wachezaji wengi waliwacheza kama vikaragosi, ukichaa wa kutoa ulimi. Yaani chizi wetu wa makopo, kavaa koti la ngozi tu.

Tofauti ni kwamba jukwaani chizi anapita dakika mbili, watu wanacheka, anaondoka. Mezani unakaa ndani yake usiku kucha. Na wenzako wanakuangalia kwa karibu, mate yako yanawarukia.

Basi siku moja pale Kirumba msimulizi alitangaza kwamba mhusika mmoja, askari wa doria ya ziwani, amerukwa na akili. Mwenye mhusika, kijana mmoja mcheshi sana, akasimama, akapindisha mdomo, akaanza kujikuna makwapa kama nyani. Wawili wakacheka. Binti mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni akaweka penseli chini. Kaka yake mkubwa ana mwaka wa saba sasa anahudhuria kliniki ya akili.

“Kaka, hapo unamwigiza nani?” akamuuliza.

“Chizi tu, dada.”

“Mimi naishi naye nyumba moja, na sijawahi kumwona akijikuna hivyo. Anaamka saa kumi usiku, anaosha sufuria ambazo ni safi. Akizidiwa anazima redio, maana anajua mtangazaji anamsema yeye. Halafu anatuomba samahani kwa kelele. Sisi kelele zenyewe hatuzisikii.”

Meza ikapoa. Mimi nilidhani mchezo umeisha na soda zetu zimeharibika. Kumbe yule mcheshi alikuwa na swali: “Sasa dada, redio ya boti ikiita, mimi nafanyaje?” Dada akafikiri, akasema, “Hutajua kama ni makao makuu au ni ile nyingine. Utamuuliza mwenzako.”

Kuanzia hapo yule askari akawa ndiye mhusika anayengojwa. Redio ikiita anageuka kwanza, anamtazama mwenzake wa kwenye boti: “Umeisikia na wewe?” Mwenzake akisema ndiyo, anapokea. Usiku mmoja mwenzake alikuwa amejeruhiwa, hawezi kusema, na redio ikaanza kuita. Nakwambia jasho lilitutoka watu wazima, mezani, kwa redio ambayo haipo.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoisema. Watu wengi wanadhani kumcheza mgonjwa wa akili kwa utu ni kumcheza kwa huruma, macho ya kulegea na muziki wa huzuni. Huruma ya hivyo ni ile ya kumtupia mtu mia mbili ukiwa ndani ya gari. Yule askari hakuonewa huruma na mtu. Alikuwa na kazi ya kufanya, na kikwazo chake, na ujanja wake wa kukizunguka kikwazo hicho, kama wahusika wengine wote.

Na kuna jambo ambalo vikundi vyetu vya vichekesho havilijui kabisa. Ile mikono inayotetemeka, mwendo wa kukakamaa kama roboti, udenda unaotoka, mate yanayomjaa mdomoni, vyote hivyo ambavyo mwigizaji anaviita uchizi, mara nyingi siyo ugonjwa. Ni dawa! Dawa za zamani ambazo bado zinatumika sana, kama haloperidoli na klopromazini, zinaweza kukaza misuli, kuleta mtetemeko na kumfanya mtu awe mzito. Daktari akiambiwa anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa au kuongeza nyingine ya kulegeza. Kwa hiyo unayemcheka pale kituo cha daladala huenda ni mtu anayepambana apone, aliyemeza vidonge vyake asubuhi kama alivyoelekezwa. Halafu akisikia vicheko siku tatu, ya nne anaviacha vidonge. Wewe ungeendelea?

Tukiwa kwetu Usukumani kuna mhusika mwingine anayehitaji tahadhari, bibi kizee anayeongea peke yake. Kwenye maigizo yetu huyo ni mchawi moja kwa moja, haulizwi. Macho mekundu, ameshahukumiwa. Sasa mjini tunacheka, lakini mikoa hii ya kanda ya ziwa, Mwanza, Shinyanga na jirani zake, wazee wengi wa kike wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma hizo hizo. Macho mekundu yanatokana na miaka mingi ya kupikia moshi, tena moshi wa kinyesi cha ng'ombe pale kuni zilipokwisha. Kuongea peke yake na kusahau njia ya nyumbani ni uzee unaokula ubongo, ugonjwa unaojulikana hospitalini. Kijana anayevaa kanga na kupaka rangi nyekundu kope ili achekeshe kwenye mahafali hajaua mtu. Lakini amewakumbusha watu mia tano mchawi anafanana na nani.

Haya, tuje kwa wale wa nafsi nyingi, maana hapa ndipo mikanda imetuharibu zaidi. Wengi wenu mmeiona Split ya mwaka 2016, James McAvoy anacheza mtu mwenye nafsi 23, na ya 24 ni mnyama anayekula watu. Anaigiza vizuri, sikatai, namvulia kofia. Ila ukitoka hapo unajua jambo moja tu, kwamba mwenye wengi ndani yake ana muuaji mmoja kati yao. Ukweli ni kwamba wagonjwa wa akili mara nyingi zaidi ndio wanaopigwa, wanaoibiwa na kubakwa, kuliko wao kumdhuru mtu.

Halafu watu wanachanganya madesa. Mwenye skizofrenia anaweza kusikia sauti, lakini yeye mwenyewe ni mmoja. Hili la nafsi nyingi ni jingine: katika mwili mmoja kuna zaidi ya mmoja, wanapokezana zamu, na aliyeingia sasa huenda hakumbuki mwenzake alimwahidi nani nini jana. Madaktari wa Marekani walibadilisha jina la tatizo hilo mwaka 1994, wakaacha kusema nafsi nyingi wakasema utambulisho uliogawanyika, na wengi wa waliokutwa nalo walipitia mateso makubwa utotoni. Wapo pia wanaosema, sisi tu wengi humu ndani, tunaelewana, hatuumwi, tunachoomba ni mtusalimie wote.

Unashangaa? Usishangae sana, wewe mtoto wa Afrika Mashariki. Pwani na Unguja, mwenye pepo anaitwa kiti. Hebu litafune neno hilo polepole. Hajaambiwa waya zimekatika, hajaambiwa network haishiki. Ni kiti, na aliyekikalia ana jina, ana ngoma yake, ana chakula anachokipenda, pengine ana lugha yake. Akija anakaribishwa, anaulizwa shida yake, anajibu. Upande wetu wa ziwa, Wahaya walikuwa na Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, naye alikuwa na watu aliowapanda kichwani wakasema kwa niaba yake. Hata Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeandika tatizo la kupandwa pale linapomtesa mtu, lakini likasema wazi kwamba kupandwa kunakokubalika katika mila au dini yake si ugonjwa. (Sikutumi ukapunge pepo. Mama yangu anasoma gazeti hili.)

Kwa hiyo sisi tunayo lugha ya kusimulia mtu aliye zaidi ya mmoja bila kumfanya jini mla watu, na tunao mfano wake wa kuigiza, tena tulisomeshwa shuleni tukaukariri kwa ajili ya mtihani tu. Ni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Kinjeketile wa Ngarambe anazama mtoni, anatoka kesho yake, amepandwa na Hongo. Anatoa maji, watu wanaungana, vita ya Maji Maji inanukia. Wote tunakumbuka hayo. Tunachokisahau ni kwamba pepo alipoondoka, Kinjeketile mwenyewe anabaki kuhangaika na maneno yaliyotoka mdomoni mwake. Hongo amesema mtakuwa watoto wa Seyyid Said! Ni nani aliyesema hivyo? Mimi au yeye? Na watu huko nje wameshaanza kunoa mikuki. Ukipewa kumcheza yule mtu, makopo ya shingoni yatakusaidia nini? Kinachotakiwa ni uonyeshe jinsi mtu anavyoamka na kukuta ameahidi kitu ambacho hakumbuki kukiahidi, kwa watu anaowapenda.

Wenzetu wa michezo ya mezani nao wamejaribu. Upo mmoja unaitwa Everyone is John, ambapo wachezaji wote ni sauti ndani ya kichwa cha mtu mmoja, John wa Minneapolis, na kila sauti inagombania kumwendesha. Ni wa kuchekesha, nusu saa umekwisha, na John mwenyewe hana anachokitaka, ni punda wa kukodi. Mimi haukunipendeza. Bora ule wa 2017, Bluebeard's Bride, ambapo wachezaji ni vipande vya nafsi ya bibi harusi mmoja aliyeolewa na mume wa kutisha, wanaingia naye chumba baada ya chumba. Hapo wanagombana lakini wanajua wakimwangusha wameanguka wote. Na Wraith wa 1994 una ujanja ambao natamani tuuibe: upande wako wa giza unachezwa na mwenzako aliyekaa ubavuni. Ananong'ona sikioni mwako usiku mzima. Ukitaka kujua kwa nini mtu wa sonona hawezi “kujikaza tu,” mpe mshikaji wako kazi ya kukunong'oneza saa tatu kwamba hufai.

Mtu aliyetufundisha kukaa ndani ya kichwa kinachounguza alitoka hapo ng'ambo tu, Ukerewe. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, akafariki 2020. Kichwamaji yake ya mwaka 1974 inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, kwa “mimi,” kuanzia mwanzo. Hatumtazami kwa mbali. Tunapanda naye meli, tunachukia naye, tunacheka naye vichekesho vyake vibaya, na anapofikia kujitoa uhai huwezi kusema alikuwa kichaa tangu mwanzo, maana ulikuwa unaafikiana naye kurasa nyingi zilizopita. Mimi bado sipendi jinsi wanawake wanavyoonekana na Kazimoto, na nafikiri kitabu kinamwachia sana. Lakini hakuna ukurasa ambao Kezilahabi anamvalisha gunia.

Sasa nije kwenye kisa ambacho ndicho hasa kimenifanya niandike, kwa sababu kila mwaka kuna mgeni anakisimulia kama utani wa Waafrika.

Kashasha, Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962, kama wiki saba baada ya Uhuru. Shule ya bweni ya wasichana ya misheni, maili kama 25 kutoka Bukoba mjini. Wasichana watatu wanaanza kucheka. Hawaachi. Wanaambukiza wengine, mpaka kati ya wanafunzi 159 wamepatwa 95. Shule inafungwa tarehe 18 Machi, wasichana wanarudishwa makwao, na kicheko kinakwenda nao. Kule Nshamba, mwezi Aprili na Mei, watu 217 wakakumbwa, wengi vijana. Mwezi Juni ikawa zamu ya shule ya kati ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba, 48 kati ya 154. Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, wakaanguka wengine 57, ikafungwa tena. Kwa jumla shule 14 zilifungwa na watu waliopatwa walifika kama 1,000. Wahaya wakauita ugonjwa wa kucheka, enwara yokusheka.

Dunia imebaki na hilo neno “kucheka” tu. Inasimuliwa kana kwamba kuna mtu Bukoba alitoa kichekesho kitamu, nchi nzima ikavunjika mbavu. Lakini wapo madaktari wawili, Rankin na Philip, walioandika ripoti mwaka 1963, na ripoti yao haichekeshi hata kidogo. Wasichana walikuwa wakicheka na kulia. Shambulio moja lilichukua dakika chache au saa kadhaa, linapoa, linarudi, na kwa wengine mambo hayo yaliendelea hadi siku 16. Walihangaika, wakishikwa wanapigana. Walisema kuna vitu vinatembea kichwani. Walisema kuna mtu anawakimbiza nyuma. Madaktari wakapima damu, wakachoma sindano za uti wa mgongo, wakapima chakula, wakatafuta virusi, hawakukuta kitu. Hakufa mtu. Walimu hawakupatwa hata mmoja.

Hilo la walimu ndilo linalonikalia kichwani. Mwaka 2007 msomi mmoja, Christian Hempelmann, alieleza kwamba kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha wala cha kichekesho, ni msongo uliotoka kwa njia ya mwili, katika watu wasio na njia nyingine ya kusema hapana. Fikiria tu mwenyewe. Una miaka 13, uko bweni, sheria ni za watu wengine, nchi imebadilika na kila mtu mzima anakutazama wewe kama ndiye matunda ya Uhuru. Nani utamwambia umechoka? Mwili ukaamua kusema wenyewe.

Wasichana wale, walio hai, sasa wamepita miaka 70. Ni bibi zetu. Huenda mmoja wao amepanda meli ya Bukoba na wewe, umembebea kikapu chake cha senene.

Basi pale Kirumba tumeamua kuicheza Kashasha mezani, na ninawaandikia mjue tunavyoipanga, mwenye maoni alete.

Kwanza kuna karata ya X. Hii siyo uvumbuzi wetu, ilianzishwa na John Stavropoulos wa New York, na ni karatasi tu yenye alama ya X inayowekwa katikati ya meza. Mambo yakimgusa mtu pabaya anaigusa, tunaruka kipande hicho, na hakuna kumuuliza kwa nini. Mwanzo wavulana waliiona ya kilegevu. Lakini sisi ni watu wa Mwanza. Mezani kwetu msimulizi alikuwa akituletea meli yenye abiria wengi kupita kiasi, inaanza kulala upande, na mmoja wetu akanyoosha mkono akaigusa ile karata bila kuinua macho. Hatukuuliza. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na watu zaidi ya 800, makaburi yao yako Igoma. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa zaidi ya 220. Katika mji huu ukitaja meli inayolala upande, usidhani umekaa na watu wanaocheza tu. Msimulizi akasema, “Meli imefika salama, mko bandarini,” tukaendelea.

Pili, tumeiba mbinu kwa wakubwa. Mwaka 1982 na 1983 akina Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, Kwimba, kutengeneza maigizo na wanakijiji kuhusu wanafunzi wa kike wanaopata mimba. Hawakufika na mchezo mkononi. Walikaa kwanza, wakauliza, wakasikiliza, halafu wenyeji wenyewe wakaigiza na kujadili. Kwa hiyo yule dada wa dagaa amepewa kazi ya kwenda kuongea na bibi yake mzaa mama, mtu wa Muleba, kabla dadu moja haijatupwa. Bibi ameshatuma salamu kwamba hatazungumza na simu inayorekodi. Sawa bibi.

Tatu, hakuna kucheka. Mhusika akishikwa, mchezaji haruhusiwi kutoa sauti ya kicheko. Atueleze kwa maneno tu: mbavu zinafanyaje, nani yuko nyuma ya mlango, anamwona nani kati ya wenzake, anaona aibu ya nini. Tulifanya majaribio Jumapili iliyopita. Yule mcheshi wetu alidumu kama dakika nne, akasema mate yamemkauka, akaomba maji.

Wahusika ni hawa: wasichana wanne, mmoja ambaye bado hajapatwa na anaogopa kulala, baba aliyetoka kijijini kuja kumchukua binti yake na hajui amwambie nini mama yake, mwalimu ambaye hapatwi, na daktari mwenye sindano ya mgongo. Dadu za ludo zinatosha kwa kuanzia, Makoroboi zimejaa. Mcheshi ameomba kuwa mwalimu. Nafasi ya daktari bado iko wazi.